Daftari Lisilo na Msomaji

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kila niusikiapo msemo huo hukikumbuka kisiwa cha Rapa Nui, ambako mambo yalikwenda kinyume: daftari lilibaki, habari ndizo zilizopotea.

Kisiwa hicho kimo katika bahari ya Pasifiki, kilomita zipatazo 3,500 kutoka pwani ya Chile, nchi inayokimiliki tangu mwaka 1888. Wazungu walikiita Kisiwa cha Pasaka kwa sababu Mholanzi Jacob Roggeveen alikifikia siku ya Pasaka mwaka 1722. Wengi hukijua kwa masanamu yake ya mawe. Mimi hunishangaza zaidi vile vibao vya mbao viitwavyo rongorongo.

Vibao hivyo vimechongwa safu kwa safu za alama ndogo ndogo zenye sura za watu, ndege, samaki na mimea. Msomaji alianzia chini kushoto, na kila alipomaliza mstari alikipindua kibao juu chini ndipo aendelee na mstari unaofuata. Mtawa Eugène Eyraud, aliyefika mwaka 1864, aliandika kwamba vilikuwamo katika kila nyumba. Leo vimesalia kama dazeni mbili tu, navyo vyote viko ng'ambo.

Basi wasomaji walikwenda wapi? Mwaka 1862 na 1863 majahazi ya watekaji kutoka Peru yaliwachukua watu wapatao 1,500 kwenda kutumikishwa. Wachache waliorudishwa walikuja na ndui. Ilipofika mwaka 1877, kisiwa kizima kilikuwa na watu 111. Elimu ya vibao ilikuwa ya wachache, nayo ikazikwa pamoja nao.

Baadaye kidogo, Askofu Jaussen wa Tahiti alipelekewa zawadi ya kamba ya nywele za binadamu, imezungushwa kwenye kipande cha ubao. Kumbe hazina ilikuwa ule ubao! Akamtafuta Metoro, kibarua kutoka Rapa Nui, amsomee. Metoro aliimba, askofu akaandika. Lakini maneno yale yalikuwa kama ya mtu anayetaja picha moja baada ya nyingine, si ya mtu anayesoma.

Wataalamu hawakukata tamaa. Mjerumani Thomas Barthel alizipanga alama zote katika orodha mwaka 1958, na katika kibao kiitwacho Mamari ilitambuliwa kalenda ya mwezi. Mwaka 2024 vipimo vilionyesha kwamba mti wa kibao kimoja kilichoko Roma ulikatwa kati ya 1493 na 1509, miaka zaidi ya 200 kabla ya Roggeveen. Ila umri wa mti si umri wa maandishi, na kibao chenyewe hakijasomeka.

Linalonisikitisha ni kwamba lugha yenyewe haikufa. Ni ndugu ya Kitahiti na Kimaori, na ingali inasemwa kisiwani, ingawa Kihispania kinaisonga. Lugha ipo, maandishi yapo; kilichokatika ni mkono wa mwalimu uliokuwa ukiviunganisha.

Huwa tunasema kilichoandikwa hakifi. Rapa Nui yanifunza kuwa maandishi hayajilindi yenyewe. Hulindwa na mtu mmoja anayemfundisha mwingine, na watu hao wakitekwa wote kwa pamoja, kinachobaki ni mbao.