Sifa za Miamba katika Jedwali: Ramani za Jiolojia na Nafasi ya Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi wa jiolojia anapomaliza kuchora mpaka wa mwamba katika programu ya ramani, kazi yake haijakamilika. Umbo alilolichora hubaki bubu mpaka alijazie jedwali lake: aina ya mwamba, rangi, umri, ukubwa wa chembe, mwinamo wa tabaka. Maelezo hayo huitwa sifa. Neno hilo si geni kwa wanaisimu, kwani sarufi yetu inavyo vivumishi vya sifa. Mhadhara huu unadai kwamba kuipa ramani sifa ni tendo la lugha, na kwamba historia yake inatuonyesha ni nani aliyesikilizwa na ni nani aliyeachwa.

Jedwali lilitangulia ramani

Mwaka 1799, mjini Bath, mpima ardhi Mwingereza William Smith aliwasomea rafiki zake wawili orodha ya matabaka 23, kuanzia chaki hadi makaa ya mawe, nao wakaiandika. Orodha hiyo ilipangwa kwa safu: jina la tabaka, unene, chemchemi, visukuku na sifa bainishi. Ramani yake kubwa ya England na Wales ilitoka mwaka 1815, yaani miaka 16 baadaye. Katika ramani hiyo rangi ilisimama badala ya maelezo, na maelezo yenyewe yakawekwa katika kijitabu kilichoandamana nayo.

La kuzingatia zaidi ni asili ya majina. Lias lilikuwa neno la wachimba mawe. Cornbrash lilikuwa neno la wakulima wa Wiltshire kwa udongo wenye vipande vya mawe unaofaa kwa nafaka. Smith hakuyabuni, aliyasikia, akayaandika, nayo yakawa istilahi.

Kwetu pia jambo hilo lilitokea. Katika miaka ya 1930, Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, Tanganyika, alieleza jinsi udongo unavyobadilika kwa mfuatano kutoka kilimani hadi bondeni. Katika maandishi ya Kiingereza ya wataalamu wa fani hiyo, neno mbuga lilipata nafasi, likitaja udongo mweusi wa mabonde yanayojaa maji wakati wa masika. Neno la wenyeji lilibeba maana ambayo Kiingereza hakikuwa nayo kwa neno moja.

Kompyuta na ukomo wa herufi kumi

Katika miaka ya 1960, Roger Tomlinson na wenzake nchini Kanada waliunganisha mipaka ya ramani na maelezo yake ndani ya kompyuta. Mwaka 1982 ikatoka programu ya ArcInfo, ambayo jina lake lenyewe lilikuwa na sehemu mbili: Arc kwa mistari, Info kwa majedwali. Katika miaka ya 1990 ukaja muundo wa shapefile, unaotumika sana hata leo. Jedwali lake haliruhusu jina la safu kuzidi herufi 10.

Ukomo huo unaonekana kuwa mdogo, lakini hauzigusi lugha zote sawasawa. Kiingereza hutanguliza neno bainishi. Kwa hiyo jina likikatwa mwishoni, tofauti hubaki. Kiswahili hutanguliza nomino kuu. “Mwelekeo wa mwinamo” na “mwelekeo wa tabaka” vikikatwa, vyote viwili huwa “mwelekeo_w”. Muundo wa GeoPackage, ulioidhinishwa mwaka 2014, umeliondoa tatizo hilo. Lililobaki ni zito zaidi.

Kivumishi kilichotengwa na nomino yake

Jedwali huweka nomino katika safu moja na sifa katika safu nyingine, kisha programu huziunganisha ili kuandika ufunguo wa ramani. Kwa Kiingereza hakuna kinachoharibika. Kwa Kiswahili tunapata “udongo nyekundu” na “jiwe nyekundu”, ilhali sarufi inadai udongo mwekundu, jiwe jekundu, miamba myekundu. Tena, -ekundu, -eusi na -eupe hupokea upatanisho, lakini kahawia na kijivu, yaliyotokana na kahawa na jivu, huhitaji kiunganishi: mwamba wa rangi ya kahawia.

Si kwamba Kiswahili hakifai kwa jedwali. Jedwali hilo limebeba sarufi ya waliolitunga.

Hitimisho

Dawa yake inajulikana. Kamusi zetu huorodhesha kivumishi kwa mzizi wake, -ekundu. Jedwali nalo lifanye hivyo, na ngeli ya kila nomino iwekwe katika safu yake, ili programu iunde upatanisho. Katika misamiati ya kimataifa ya jiosayansi, dhana moja yenye kitambulisho kimoja inaweza kubeba majina ya lugha nyingi. Kazi ya kuyajaza ya Kiswahili ni yetu. Mwisho, pawepo safu ya jina la wenyeji, pamoja na lugha na mahali liliposikiwa. Mtafiti anayechagua tu katika orodha iliyokwisha kufungwa hawezi kuandika neno jipya, hata akiambiwa na mchimba kisima aliyesimama mbele yake. Laiti Smith angepewa orodha ya namna hiyo, Cornbrash lingebaki mashambani Wiltshire.