Kutoka Lexington Hadi Muhimbili: Historia Fupi ya Tiba ya Uraibu



Sisi Waswahili wa Lackawanna na Buffalo, pamoja na wenzetu wa Columbus na Louisville, tuna neno tulilokuja nalo kutoka nyumbani: teja. Tukilitamka tunamwona kijana aliyekonda, anayeomba sarafu kituo cha daladala. Neno hilo limetufumba macho. Ugonjwa huo huo ukiingia kwetu kwa cheti cha daktari, ndani ya kichupa chenye jina la mgonjwa, hatuutambui. Lackawanna ni mji wa kazi za mgongo: zamani ni kiwanda cha chuma cha Bethlehem, kilichoacha kufua chuma mwaka 1983, leo ni maghala na usafi wa usiku. Mtu huumia, hupewa vidonge vya maumivu, na miezi baadaye hawezi kuamka bila ya kuvimeza. Huyo hatumwiti teja, tunasema "anatumia dawa." Siku mambo yakifichuka, hasa kwa vijana, tunakata tiketi ya ndege ili arudishwe Mombasa au Dar es Salaam "akanyooshwe."

Kabla hatujakata tiketi nyingine, inafaa tujue tiba ya maradhi haya ilitoka wapi. Sehemu kubwa ya historia yake ilipita jirani kabisa na Louisville.

Mwaka 1935 serikali ya Marekani ilifungua hospitali mjini Lexington, Kentucky. Ilikuwa gereza, hospitali na shamba kwa pamoja. Wafungwa na watu waliojileta wenyewe waliwekwa humo wakamue ng'ombe, walime na wafanye kazi karakana. Fikra ilikuwa ile ile yetu ya tiketi ya ndege: mtoe mtu mjini, mwondoe kwa marafiki wabaya, mpe kazi na hewa safi, atapona. Utafiti uliochapishwa mwaka 1962 uliwafuatilia wagonjwa waliotoka huko na kurudi New York. Zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wamerudia dawa. Hilo ni somo la kwanza: kuisafisha damu siyo kuuponya uraibu.

Lexington ilikuwa pia na maabara. Humo watafiti walitumia methadoni, dawa iliyobuniwa Ujerumani kabla ya Vita Vikuu vya Pili, kupunguza makali ya arosto. Hapana budi tuseme pia kwamba wafungwa walifanyiwa majaribio na baadhi yao walilipwa kwa dawa zile zile za kulevya. Jambo hilo lilifika mbele ya Seneti mwaka 1975, na majaribio hayo yakakomeshwa mwaka uliofuata.

Daktari mmoja aliyewahi kufanya kazi Lexington, Marie Nyswander, aliondoka na swali: kwa nini wanarudia? Mwaka 1964, akiwa New York na Dakta Vincent Dole, alianza kuwapa waraibu wa heroini methadoni kila siku, si kwa wiki moja bali kwa muda mrefu. Mwaka 1965 walichapisha habari za wagonjwa 22. Watu waliokuwa wakishinda mitaani kutafuta unga walianza kurudi shuleni na kazini.

Siri yake ni hii. Ubongo una vipokezi vinavyopokea mofini, heroini na vidonge kama oksikodoni, navyo hujirekebisha kwa wingi wa dawa. Heroini na oksikodoni ya kawaida hupanda haraka na kushuka baada ya saa chache, na katika kushuka huko ndimo mnamo arosto na tamaa. Methadoni hukaa mwilini siku nzima. Sisi tuliokulia kwenye umeme unaopanda na kushuka tunajua kinachounguza friji, na tunajua kazi ya stabilaiza. Anayesema methadoni ni kubadilisha kileo kwa kileo anasahau kwamba friji inahitaji umeme uliotulia ili ifanye kazi.

Dawa ya pili, buprenofini, nayo ilipitia Lexington. Mwaka 1978 watafiti wa huko walionyesha kwamba ingeweza kutibu uraibu. Iliruhusiwa Marekani kwa kazi hiyo mwaka 2002, lakini hadi mwisho wa 2022 daktari alihitaji kibali maalumu ili kuiandika. Kumbe vidonge vyenyewe havikuwekewa kizuizi cha namna hiyo! OxyContin iliingia sokoni mwaka 1996 ikinadiwa kuwa haileti uraibu kirahisi. Mwaka 2007 kampuni iliyoiuza ilikiri kortini kwamba ilipotosha. Vidonge vilipobanwa, wengi walihamia heroini, kisha ikaja fentanili. Mwaka 2021 dawa za kulevya ziliua zaidi ya watu 100,000 nchini Marekani. Hapa kwetu Buffalo, mwaka 2017 ilianzishwa mahakama ya kwanza nchini ya kumpeleka mshitakiwa mwenye uraibu wa dawa hizi kwenye tiba upesi, kesi ikingoja.

Na nyumbani je? Februari 2011 Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza ya serikali katika bara la Afrika kusini ya Sahara. Kenya ilifuata mwishoni mwa 2014 pale Mathari, Nairobi, kisha pwani. Zanzibar mwaka 2015 pale Kidongo Chekundu. Teja yule tuliyemwacha kituoni anapanga foleni, anakunywa dozi yake mbele ya muuguzi, anakwenda kazini. Sisi tulio karibu na Lexington bado tunaficha wagonjwa wetu chumbani.

Kuficha huku kunaua, na njia yake inajulikana. Kijana akikaa miezi bila dawa, mwili husahau uzoefu wake. Akirudi huku na kumeza kiasi kile kile cha zamani, pumzi hukata. Tukimrudisha nyumbani bila tiba, tunamwandalia hatari hiyo.

Basi tufanye haya. Aliyezoea vidonge asiviache ghafla peke yake; amwone daktari, aulize wazi kuhusu buprenofini au methadoni. Aombe mkalimani, ni haki yake bila malipo, wala asimtume mwanawe kutafsiri. Tuweke nyumbani naloksoni ya kupulizia puani, ambayo tangu 2023 inauzwa bila cheti, na mtu akizimika tuipulize na kupiga 911.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa maradhi haya dawa ipo, na kliniki ziko Buffalo kama zilivyo Dar es Salaam.