Babu Yako Alizaliwa Wapi?

Mwishoni mwa Februari 1968, Bunge la Uingereza lilipitisha, katika muda wa siku tatu, sheria ya kuwazuia baadhi ya raia wake wenyewe wasiingie nchini. Waliolengwa hawakutajwa kwa jina, lakini kila nyumba ya Kihindi katika Nairobi, Mombasa na Kisumu ilijua inasemwa nani. Kuanzia tarehe 1 Machi pasipoti ya Uingereza peke yake haikutosha. Mwenye nayo alitakiwa aonyeshe kwamba yeye, au mzazi wake, au babu au bibi yake, alizaliwa Uingereza au alipewa uraia huko. Babu zetu walizaliwa Porbandar, Jamnagar, Mandvi ya Kutch, na katika vijiji ambavyo makarani wa Uingereza hawakuweza hata kuviandika majina yake sawasawa.

Katika kumbukumbu hii ya mandir yetu, ambapo wengine wameandika habari za mawe na michango, naomba niwaandikie wanachama na majirani zetu habari za watoto waliokulia chini ya kivuli cha swali hilo. Wengi wetu tuna ndugu miongoni mwao.

Wapo waliowahi kuingia kabla ya mlango kufungwa, na wapo waliongojea vibali kwa miaka. Kisha, tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin akawatangazia Waasia wa Uganda kwamba wana siku 90 za kuondoka. Wapatao 28,000 walipokewa Uingereza, wakapelekwa kwanza katika kambi za zamani za jeshi. Halmashauri ya mji wa Leicester ilikwisha kuchapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus, Septemba mwaka huo, ikiwasihi wasiende kwake. Maelfu wakaenda. Kwa hiyo mtoto aliyeingia darasani Leicester baridi ya kwanza aliingia katika mji uliokuwa umemwambia asije.

Yaliyowapata shuleni yamesimuliwa katika familia nyingi, nayo hufanana mno. Jina la Kihindi lilikatwa likawa silabi moja kwa kuwa mwalimu lilimshinda. Mafuta ya nywele na harufu ya bizari katika koti vilichekwa. Neno la tusi lililofupishwa kutoka Pakistan walitupiwa wote, hata waliotoka Jinja na Kampala ambao hawakuwahi kuiona Pakistan wala India. Katika Southall watoto walisombwa kwa mabasi hadi shule za mbali, kwa sababu waraka wa serikali wa mwaka 1965 ulishauri kwamba watoto wa wahamiaji wasizidi takriban theluthi moja ya shule. Mtoto wa miaka saba alielewa maana ya basi lile bila kufafanuliwa: kuwapo kwake kwingi kulihesabiwa kuwa dhara. Mwaka 1976 chama cha National Front, kilichotaka wahamiaji warudishwe kwao, kilipata takriban asilimia 18 ya kura za mji wa Leicester. Mtoto hakupiga kura, lakini alisoma maandishi ya ukutani alipokuwa akirudi nyumbani.

Na wazazi? Wengi walikuwa kiwandani, zamu ya mchana mmoja, zamu ya usiku mwingine. Aliyekuwa nyumbani mtoto aliporudi na machozi alikuwa bibi, ambaye Kigujarati humwita Ba, na ambaye aghalabu hakujua Kiingereza cha kumjibu mwalimu. Alichokuwa nacho ni jibu la lile swali la sheria. Babu yako alizaliwa wapi? Alizaliwa mahali ambapo mvua ilikatika, katika njaa kuu ya miaka ya 1899 na 1900, ambayo wazee huiita Chhappaniyo kwa kuwa iliangukia mwaka wa 1956 wa kalenda ya Vikram. Alipanda jahazi kwa upepo wa kaskazi akiwa bado kijana. Alilala juu ya magunia katika duka la mtu mwingine, akajifunza Kiswahili kabla ya kujifunza kuhesabu faida. Kwa familia nyingine, hasa za Punjab, lilikuwapo simulizi la reli: vibarua wapatao 32,000 walioletwa kuijenga njia kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, na takriban 2,500 waliofia njiani. Mtoto aliyeitwa kuli uwanjani alijua sasa kwamba kuli ndiye aliyeilaza reli ile.

Sidai kwamba hadithi hizi zilizuia ngumi. Hazikuzuia. Zilichofanya ni kumpa mtoto mahali pa kusimama: dhihaka ilimwambia kwamba ametoka pasipojulikana, naye alikwisha kujua jina la kijiji, mwezi wa safari na bei ya gunia.

Yapo pia ambayo Ba hakuyasimulia, na uaminifu unatudai tuyataje, hasa mbele ya majirani zetu. Katika miji ile ile ya babu, watoto walisoma katika shule tatu, ya Wazungu, ya Waasia na ya Waafrika, na si wengi wetu waliopaza sauti juu ya hiyo ya tatu. Kulikuwa na nyumba zetu ambamo mfanyakazi alitengewa kikombe chake. Baadhi ya watoto wa Leicester walipokua waliyagundua haya wenyewe, wakawauliza wazee wao maswali magumu. Nadhani nao hao walikuwa wakiutumia urithi wao, tena vizuri, maana mtu aliyewahi kuketi katika basi la Southall hana budi kukitambua kikombe kile.

Urithi wenyewe, isitoshe, haukuwa wa India peke yake. Akina Ba waliziita sufuria na fagio kwa Kiswahili hadi Wembley, wakidhani, na watoto wao wakidhani pamoja nao, kwamba hayo ni maneno ya Kigujarati. Mhogo wa kukaanga huuzwa huko hadi leo kwa jina la mogo. Mtoto aliyeambiwa arudi kwao alikuwa na kwao tatu mdomoni mwake.

Mahali pa kuyahifadhi hayo palitafutwa kwa shida. Hekalu la Swaminarayan la Islington, London, lilifunguliwa mwaka 1970 ndani ya jengo la kanisa lililokuwa limeachwa, na kwingineko kumbi za kukodi zikageuka madarasa ya Kigujarati siku za mapumziko. Walimu wengi wa Uingereza wakati huo waliwashauri wazazi wazungumze Kiingereza tu nyumbani. Mwaka 1975 kamati ya serikali iliyoongozwa na Bullock ilisema kinyume chake, kwamba mtoto asitazamiwe kuivua lugha na mila za nyumbani kwao anapovuka kizingiti cha shule. Akina Ba walikuwa wamekwisha kulijua hilo pasipo kamati. Kuanzia mwaka 1983 taa za Diwali ziliwashwa juu ya barabara ya Belgrave, katika mji ule ule wa tangazo.

Mwaka jana kijana mmoja kutoka Leicester alifika mandir yetu baada ya arati, akiwa na picha ya duka la mabati. Hakuna mwanachama aliyelitambua. Tukamwita mzee jirani, ambaye huswali msikiti wa mtaa wa pili. Aliitazama picha kwa muda, akasema, “Mjukuu wangu, hapa nilikuwa nikipewa jugu mkono mtupu,” akamshika mkono wakatoka. Siku hizi pale huuzwa simu. Tuliwaona wakisimama kando ya barabara, mzee akionyesha kwa bakora mlango ulipokuwa, na kijana, kwa Kiswahili cha Ba wake, akimwita Babu.