Mafuta na Joto: Vipimo Viwili vya Rubani

Leo twataka kuzungumza habari za ndege zirukazo kwa injini, na hasa habari za mafuta yalainishayo injini hizo. Watu wa Kahama wakiona ndege ndogo ikipita juu ya mashamba ya pamba na mpunga, hutazama mabawa yake na rafadha yake izungukayo mbele. Lakini rubani aliye ndani hutazama mara kwa mara vipimo viwili vidogo, kimoja cha msukumo wa mafuta na kimoja cha joto lake. Uhai wake na wa abiria wake umo katika mishale ya vipimo hivyo.

Kila mwenye cherehani ajua kwamba chuma kikisuguana na chuma pasipo mafuta hukwaruzika na kuharibika. Katika injini ya ndege mafuta yana kazi nyingi kuliko hiyo. Hutandaza utando mwembamba kati ya chuma na chuma, huchukua joto kutoka mahali pasipofikiwa na upepo, tena huosha uchafu na kuupeleka kwenye chujio. Pampu ndiyo iyasukumayo, na nguvu ya kusukuma huko hupimwa kwa ratili kwa kila inchi moja ya mraba.

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja, na sehemu yake ilipatikana katika nchi zetu hizi. Mwezi wa Novemba 1914 rubani mmoja, jina lake Cutler, aliletwa na Waingereza kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika mto Rufiji. Ndege yake ilikuwa ya kutua majini, na injini yake ilipozwa kwa maji. Chombo cha kupozea hakikufaa kwa joto la pwani, hata ikawa lazima kutwaa radieta ya motokaa ya Ford kutoka Mombasa. Manowari ile iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915, na ndege ziliwaongoza wapiga mizinga.

Katika vita vile injini nyingi za ndege zilikuwa za namna ya ajabu, kwa kuwa silinda zenyewe zilizunguka pamoja na rafadha. Zililainishwa kwa mafuta ya mbarika, kwa sababu hayachanganyiki upesi na petroli. Mafuta hayo hayakurudi tena, bali yalitupwa nje pamoja na moshi na kumrukia rubani usoni. Basi hapakuwa na kuyapoza. Yakiisha, safari nayo imekwisha.

Mwaka 1920 watu walijaribu kuruka toka Uingereza hata Cape Town. Ndege moja, Vickers Vimy, ilimchukua Dk. Chalmers Mitchell, mkuu wa chama cha elimu ya wanyama cha London. Njiani walisimamishwa mara nyingi kwa maji ya kupozea injini kuvuja. Walifika Tabora, jirani zetu wa kusini. Na tarehe 27 Februari, walipokuwa wakipaa, injini moja ilikosa nguvu na ndege ikaanguka. Kwa bahati njema watu wote walitoka salama. Wenzao wawili, van Ryneveld na Brand, walipoteza ndege yao ya kwanza huko Misri kwa radieta kuvuja, na ya pili Bulawayo, wakafika Cape Town tarehe 20 Machi kwa ndege ya tatu.

Yafaa tufikiri kwa nini Tabora ilikuwa mahali pagumu. Nchi ile, kama Kahama, iko juu karibu futi 4,000 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na jua la mchana huizidisha wepesi. Hivyo injini hupungukiwa nguvu, ndege hupanda polepole, na upepo upitao kuipoza huwa haba. Saa ile ile injini inapofanya kazi kubwa kupita zote, ndipo inapopata baridi kidogo.

Baadaye mambo yalitengenea. Mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways mjini Nairobi. Tarehe 28 Februari 1931 safari ya kwanza ya barua ya Imperial Airways ilitoka London kuja Mwanza. East African Airways ilianza 1946 kwa ndege za Dragon Rapide. Injini zao za Gipsy zilipozwa kwa upepo, wala hazikuwa na radieta ya maji ya kuvuja. Silinda zake zilining'inia chini kama matiti ya ng'ombe. Mafuta huweza kujipenyeza humo usiku, kwa hiyo asubuhi fundi huizungusha rafadha kwa mkono taratibu kabla ya kuwasha.

Dhahabu nayo ilizidisha haja ya ndege katika nchi yetu. Mgodi wa zamani wa Geita ulichimbwa tangu miaka ya 1930 hata 1966. Bulyanhulu ukaanza kutoa dhahabu 2001, na Buzwagi 2009, nao ukawa na kiwanja chake cha ndege.

Sasa tutazame kazi ya rubani wa leo. Injini nyingi za Lycoming zenye silinda nne hutaka msukumo wa ratili 55 hadi 95 wakati wa safari, wala usipungue 25 injini inapozunguka polepole. Joto la mafuta lisipite digrii 245 za Fahrenheit. Joto jema ni karibu 180, maana mafuta yakiwa baridi daima, unyevu hubaki ndani na kuleta kutu. Baada ya kuwasha, msukumo usipoonekana katika nusu dakika, injini na izimwe mara moja.

Vipimo hivi husomwa pamoja, kama mashahidi wawili wa shauri moja. Joto likipanda na msukumo ukiwa sawa, huenda ndege inapanda kwa ukali mno, au nyasi na viota vya nyigu vimeziba njia ya upepo. Rubani na ainamishe pua ya ndege na kupunguza nguvu. Msukumo ukishuka na joto likibaki pale pale, huenda kipimo ni kibovu, lakini hata hivyo na atue kiwanja kilicho karibu akaulize fundi. Bali msukumo ukishuka na joto likipanda, mashahidi wamekubaliana: mafuta yanakwisha. Hapo asitafute mji, atafute mahali pa kutua.

Wale wa 1920 walijifunza kwa kuanguka. Sisi tunaweza kujifunza kwa kusoma. Wazee wetu walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Kijana wa Kahama atakaye kuwa rubani au fundi, na aanze leo na baiskeli yake au mashine ya kusaga ya baba yake: aisikilize, aitie mafuta kwa wakati, wala asidharau dalili iliyo ndogo.