Dola ao franga? Namna programu inatunza feza kwenye kolone

Kule Goma, Bukavu ao Lubumbashi, bei haiko namba tu. Muuzaji akisema "makumi tano", mununuzi anauliza: dola ao franga? Kompyuta yenyewe haiulizi. Kama mwenye kuandika programu ya kopa (ile ya kuweka na kukopesha feza) alifanya kolone moja tu yenye jina "kiasi", ndani mutabaki 50, basi. Siku aliyejua maana yake anaacha kazi, deni la dola 50 linaweza kutoka kwenye risiti kama franga 50, ambazo hazinunui hata pipi.

Dawa ya shida hii inajulikana tangu zamani. Kiasi na aina ya feza vifungwe pamoja ndani ya programu, vikuwe kitu kimoja. Kitu cha namna hiyo kinaitwa kitu-thamani. Hakina jina wala historia yake. Mukopo iko na namba na mwenyewe, lakini dola 50 za asubuhi na dola 50 za jioni hazina tofauti. Eric Evans alieleza wazo hili kwa urefu katika kitabu chake cha 2003, Domain-Driven Design. Mwaka mumoja mbele, 2002, Martin Fowler alikuwa ameisha kuandika namna ya kuliingiza mu tablo, na mufano wake mumoja ulikuwa njo feza.

Hifadhidata haijue vitu, inajua tablo, mistari na kolone. Kati yake na programu kunakaa daraja linaloitwa ORM, kama vile Hibernate kwa Java, Doctrine kwa PHP, ao Entity Framework Core kwa C#. Daraja linachukua kitu Feza na kukitandika kwenye kolone mbili za mustari uleule wa mukopo: moja ya kiasi, ingine ya aina, kwa herufi tatu za kanuni ya ISO 4217, yaani USD ao CDF. Wakati wa kusoma, linaviunga tena.

Wengine wanapenda kuipa Feza tablo yake yenyewe. Ni kosa, na linaweza kuleta hasara. Mikopo miwili ikionyesha mustari mumoja wa dola 50, mutu akirekebisha wa kwanza kuwa 40, wa pili nao unashuka bila mutu kujua. Njo maana kitu-thamani hakibadilishwe: bei ikibadilika, kinatengenezwa kipya. Wengine tena wanaandika "50 USD" kama maneno kwenye kolone moja. Hapo hifadhidata haiwezi kujumlisha vizuri.

Ugumu unaanza pale kitu kilekile kinatumiwa mara mbili. Mukopo iko na feza iliyotolewa na faida inayodaiwa, zote ni Feza, na zote zinataka kolone yenye jina "kiasi". Kwa kawaida Hibernate inakataa kuanza, mupaka mutu apange majina mbalimbali, kwa mufano kwa alama @AttributeOverride. Doctrine, ambayo ilipata uwezo huu katika toleo la 2.5, mwaka 2015, inaweka yenyewe jina la sehemu mbele: mukopo_kiasi, faida_kiasi. Ni njia ya utulivu zaidi. Entity Framework Core ilileta mu 2017 njia iliyohesabu Feza kama kitu chenye ufunguo wa siri, kwa hiyo kukipa kitu kimoja wenyewe wawili kulileta makosa. Toleo la 8, mwaka 2023, lilileta njia isiyokuwa na ufunguo huo.

Kolone tupu nazo zinadanganya. Kama faida haijapangwa bado na kolone zake zote mbili ni tupu, Hibernate inarudisha "hakuna kitu". Doctrine inatengeneza Feza isiyo na kiasi wala aina, na programu inaanguka mbele kidogo, pahali pengine kabisa. Kuhusu kiasi chenyewe, kolone ikuwe ya desimali kamili, hapana ya namba za kukadiria, kwa sababu hizo haziwezi kutunza hata 0.1 vile ilivyo.

Lakini daraja linalinda tu wanaopita juu yake. Mwenye kuandika raporti anaweza kuingia moja kwa moja mu hifadhidata, akajumlisha kolone yote ya kiasi, dola na franga pamoja, na jibu litatoka bila kosa kuonekana. Hesabu hiyo lazima igawanywe kwa aina ya feza, na kolone ya aina ikatazwe kubaki tupu mu hifadhidata yenyewe. Kwa vitabu vya zamani ni vilevile: mwaka 1998 franga moja ya Kongo ilichukua nafasi ya zaire mupya 100,000, na namba ya mbele ya hapo isiyo na aina pembeni yake haisomeki tena.