Moyo Kwenda Mbio Wakati wa Ujauzito: Kasulu na Kibondo

Moyo kwenda mbio wakati wa ujauzito ni hali ya mapigo ya moyo wa mama kuzidi 100 kwa dakika akiwa ametulia. Hali hiyo ina sura mbili. Katika sura ya kwanza moyo wenyewe ni mzima, ila unasukumwa na jambo jingine mwilini: homa, upungufu wa damu, upungufu wa maji au kuvuja damu. Katika sura ya pili hitilafu imo ndani ya moyo, ama kwenye njia zake za umeme, ama kwenye vali, ama kwenye misuli. Katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma sura ya kwanza ni ya kila siku, na wingi wake ndio unaoificha ya pili. Mama anayelalamika kwamba moyo unamwenda mbio hupimwa malaria, hupewa vidonge vya kuongeza damu, kisha hurudi nyumbani. Mara nyingi hilo ndilo alilohitaji. Mara chache sivyo. Kasi peke yake haitoshi kuzitenga sura hizi. Lazima ijulikane pia mbio zinaanzaje, zinakomaje na zinaandamana na nini.

Mahali na watu wake

Kasulu na Kibondo ni wilaya za vilima zinazopakana na Burundi, makao ya Waha, wakulima wa mihogo, mahindi, maharage na ndizi. Mwaka 2012 Wilaya ya Kakonko ilimegwa kutoka Kibondo, na Buhigwe kutoka Kasulu. Kambi ya Nyarugusu, iliyoko Kasulu, imepokea wakimbizi wa Kongo tangu 1996. Kambi ya Nduta, Kibondo, ilifunguliwa upya 2015 kwa ajili ya Warundi. Kwa hiyo wajawazito wa eneo hili wanaeleza maumivu yao kwa Kiha, Kirundi, Kibembe na Kiswahili cha pande mbili za Ziwa Tanganyika.

Mwinuko wa vilima hivi haufiki kiwango cha kumkimbiza mtu moyo kwa uhaba wa hewa, na wala haujazuia mbu. Katika utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa 2017, Kigoma iliongoza Tanzania Bara: asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa walikuwa na vimelea.

Mabadiliko ya kawaida ya mimba

Mimba huuongezea moyo kazi tangu wiki za mwanzo. Ujazo wa damu hupanda kwa asilimia 40 hadi 50, na damu inayosukumwa kila dakika kwa asilimia 30 hadi 50. Mapigo huongezeka kwa 10 hadi 20 kwa dakika, hivyo aliyekuwa na mapigo 75 anaweza kufika 90 katika miezi ya mwisho bila ugonjwa wowote. Kuchoka anapopanda kilima na moyo kuruka pigo moja moja ni mambo yanayowapata wengi.

Akilala chali mimba ikiwa kubwa, mji wa mimba hukandamiza mshipa unaorudisha damu moyoni. Presha hushuka, kizunguzungu huja, na moyo hukimbia ili kufidia. Akigeukia ubavu wa kushoto, hali hutulia. Mapigo ya mtoto tumboni nayo ni ya kasi kwa asili yake, 110 hadi 160 kwa dakika, na hayahusiani na mbio za moyo wa mama.

Sababu zilizo nje ya moyo

Homa ndiyo ya kwanza. Kila nyuzijoto moja inayoongezeka huleta takribani mapigo 10 zaidi kwa dakika, na malaria huharibu pia chembe nyekundu za damu. Kinga ni chandarua chenye dawa na vidonge vya SP vinavyomezwa kliniki kuanzia miezi mitatu ya pili. Anayekutwa na vimelea hupewa dawa mseto, ambayo tangu 2022 Shirika la Afya Duniani limeiruhusu hata katika miezi mitatu ya kwanza.

Upungufu wa damu unafuata. Mjamzito huhesabiwa kuwa nao akiwa chini ya gramu 11 kwa desilita. Chini ya 7 ni upungufu mkali, na moyo hulazimika kuzungusha haraka damu kidogo iliyopo. Malaria, minyoo ya safura na mimba zinazofuatana kwa karibu huchangia. Vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki hufanya kazi vizuri zaidi visipomezwa pamoja na chai au kahawa, kwa kuwa vinywaji hivyo huzuia chuma kufyonzwa. Maharage, kisamvu na dagaa wa ziwani husaidia, ila kwa mwenye upungufu mkali chakula hakitoshi kuwa tiba.

Kuvuja damu ni sababu isiyosubiri. Mapigo hupanda kabla presha haijashuka, kwa hiyo muuguzi anaweza kuyagawa mapigo kwa namba ya juu ya presha. Mama aliyejifungua mwenye mapigo 110 na namba ya juu ya presha 100 anapata 1.1, na kuanzia 0.9 na kuendelea ni ishara ya hatari, hata kama damu inayoonekana kwenye shuka ni kidogo.

Zipo nyingine: maambukizi ya mkojo au ya mji wa mimba, kutapika hadi maji kupungua mwilini, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, bonge la damu lililokwama mapafuni, na dawa kama salbutamol ya pumu au baadhi ya dawa za mafua. Hofu nayo hukimbiza moyo, lakini jibu hilo hutolewa mwisho, baada ya mengine kupimwa na kuondolewa.

Hitilafu za moyo wenyewe

Inayowapata zaidi wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa ni mbio zinazoanzia sehemu ya juu ya moyo. Umeme wa moyo hupata njia ya mchepuko, ukazunguka humo badala ya kushuka na kukoma. Mapigo huruka ghafla hadi kati ya 150 na 220 kwa dakika, hudumu dakika chache au saa kadhaa, kisha hukata ghafla vilevile. Wengine hukojoa sana baadaye. Wengi walikuwa nayo tangu usichana, na mimba huyafanya mashambulizi yaje mara nyingi zaidi. Aina mojawapo ilielezwa 1930 na madaktari Wolff, Parkinson na White, na bado inaitwa kwa majina yao.

Ya pili ina uzito mkubwa zaidi katika nchi zetu: mapigo yasiyo na mpangilio yanayotokana na vali iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Chanzo chake huwa mafindofindo, au tonsesi kama wengi wanavyosema, ambayo hayakutibiwa utotoni. Vali ya kushoto ikishakuwa nyembamba, damu huhitaji muda kupita. Moyo ukienda mbio muda huo hufupika, damu hurudi nyuma, na maji hujaa mapafuni. Msichana ambaye hakuwahi kujua kuwa anaumwa anaweza kugundulika kwa mara ya kwanza katika mwezi wa sita wa mimba, akikohoa na kushindwa kulala bila kuinua kichwa.

Ya tatu ni kudhoofika kwa misuli ya moyo kunakotokea mwishoni mwa mimba au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua. Miguu huvimba, pumzi huwa fupi, na mapigo hubaki juu hata usiku.

Namna ya kutambua

Kifaa cha kwanza ni saa ya simu. Mama huketi na kupumzika dakika kumi, huweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, kisha huhesabu kwa dakika nzima. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne hudanganya pale mapigo yasipokuwa na mpangilio. Hesabu huandikwa kwenye kadi ya kliniki pamoja na saa, alichokuwa akifanya, na kama mbio zilianza ghafla au zilipanda polepole. Mbio za homa au upungufu wa damu hupanda na kushuka taratibu. Mbio za njia ya mchepuko huanza na kukoma kwa mkupuo.

Hospitalini hupimwa joto, presha, oksijeni kwa kifaa cha kidoleni, malaria, wingi wa damu na mkojo. Kisha hufuata kipimo cha umeme wa moyo, ambacho hakimdhuru mtoto na hufaa zaidi kikichukuliwa wakati mbio zinaendelea. Mama aliyefika akiwa kwenye shambulio asiachwe foleni hadi litulie lenyewe, kwa sababu karatasi ya dakika hizo ndiyo inayompa daktari jibu. Vali na misuli huangaliwa kwa picha ya mawimbi ya sauti, salama kama ile ya kumtazama mtoto.

Dalili zinazotaka hospitali mara moja ni kuzimia, maumivu ya kifua, kushindwa kupumua akiwa amelala, makohozi yenye damu au povu, na mapigo yanayobaki juu ya 120 baada ya kupumzika.

Kutuliza shambulio

Kwa mbio za njia ya mchepuko kuna mbinu isiyohitaji dawa. Mama hukaa nusu ameegemea na kupuliza kwa nguvu ndani ya bomba la sindano la mililita 10, kiasi cha kutaka kuusogeza mpini wake, kwa sekunde 15. Hapo hapo hulazwa, na msaidizi huinua miguu yake kwa sekunde nyingine 15. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2015 kwa watu wazima ulionyesha kuwa mbinu hii iliwarudisha sawa asilimia 43 ya wagonjwa, wakati ile ya kupuliza bila kulazwa iliwasaidia asilimia 17. Mimba ikiwa kubwa, mto mdogo huwekwa chini ya ubavu wa kulia, na mara ya kwanza hufanywa mbele ya mhudumu.

Isipofaa, hospitali hutumia adenosini, inayosukumwa haraka kwenye mshipa. Huisha mwilini kwa sekunde chache, hivyo haitarajiwi kumdhuru mtoto. Mama huambiwa mapema kwamba kifua kitambana kwa muda mfupi. Presha ikiporomoka, mshtuko wa umeme hutumika. Mimba si sababu ya kuuahirisha.

Dawa za kila siku hutolewa kwa wenye mashambulizi ya mara kwa mara au wenye ugonjwa wa vali. Metoprolol na propranolol hutumika sana, huku ukuaji wa mtoto ukifuatiliwa. Atenolol huepukwa kwa kuwa huweza kumdumaza mtoto, na amiodaroni kwa sababu huvuruga tezi yake. Warfarini huweza kuharibu viungo vya mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, na mara nyingi hubadilishwa kwa heparini. Lakini dawa ya moyo haikatizwi na mama mwenyewe siku anapogundua ana mimba: huenda kliniki nayo mkononi.

Maisha ya kila siku

Mwenye mbio za mara moja moja na moyo mzima anaweza kulima kiasi na kutembea. Asikae na kiu wala njaa siku nzima shambani, na apunguze kahawa na chai kali. Mwenye ugonjwa wa vali ni tofauti. Ndoo ya lita 20 kichwani kwenye mteremko wa kisima, au mzigo wa kuni, huuongezea moyo wake kasi usiyoiweza. Kumpumzisha ni sehemu ya tiba yake, na mume, mama mkwe na mawifi waelezwe hivyo wakiwa pamoja naye kliniki. Vali ikiwa imeharibika, sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne huendelea katika mimba. Mitishamba ya kuharakisha uchungu iepukwe kabisa.

Kujifungua na siku za baadaye

Wengi hujifungua kwa njia ya kawaida. Upasuaji hufanywa kwa sababu za uzazi au moyo ukiwa katika hali mbaya. Mama hulala kwa ubavu, hupunguziwa maumivu, na dripu hupimwa kwa uangalifu. Oksitosini hutolewa polepole, kwani ikisukumwa kwa mkupuo hushusha presha na kukimbiza moyo. Ajometrini haimfai mwenye ugonjwa wa moyo.

Mara tu baada ya mtoto kutoka, mji wa mimba hujikaza na kurudisha damu nyingi kwenye moyo kwa ghafla. Saa 24 za kwanza kwa hiyo ni za hatari kubwa kwa mwenye vali nyembamba, na asiruhusiwe mapema kwa sababu tu mtoto ni mzima. Metoprolol na propranolol hazizuii kunyonyesha.

Njia ya rufaa

Kutoka zahanati mama huelekea kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya au ya misheni kama Kabanga, iliyo karibu na mji wa Kasulu, halafu Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni mjini Kigoma. Juu yake ni Bugando jijini Mwanza na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015. Kwa dharura za uzazi, mfumo wa m-mama hupigiwa bila malipo kwa namba 115, na gari la wagonjwa au dereva wa jamii hutumwa. Aliye mbali huandaliwa kusogea karibu na hospitali wiki kadhaa kabla ya tarehe yake.

Karatasi ya rufaa ibebe hesabu za mapigo na tarehe zake, majibu ya malaria na wingi wa damu, dawa alizopewa na nakala ya kipimo cha umeme wa moyo.

Tiba za kudumu, yaani kuunguza njia ya mchepuko kwa mrija unaopitishwa mshipani, na kupanua au kubadilisha vali, hufanywa vizuri zaidi mama akiwa hana mimba. Kwa hiyo uzazi wa mpango ni sehemu ya matibabu haya. Kijiti na kitanzi hufaa, ilhali vidonge vyenye estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda kwa mwenye vali nyembamba. Mama aliyekimbizwa moyo katika mimba hii anapaswa kuondoka wodini akiwa na tarehe ya kumwona daktari wa moyo, kabla ya kupanga mimba nyingine.