Kumwangalia Mtoto Usiku: Kutoka Moto wa Mafiga Meru hadi Kamera za Njiro

Nyumba ya zamani ya Wameru ilikuwa ya msonge, na watu walilala humo pamoja na mifugo yao. Katikati palikuwa na mafiga, na moto haukuachwa ufe kabla ya alfajiri. Miteremko ya Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, ina baridi kali Juni na Julai, kwa hiyo moto ule uliwapasha watu joto. Kwa mwanamke aliyejifungua ulikuwa pia na kazi ya pili. Alifumbua macho saa nane za usiku, akamwona mtoto ubavuni, akajua anapumua, akamnyonyesha bila kuamsha nyumba nzima. Wala hakuachwa peke yake. Mama mkwe au wifi alikuwapo, ndiye aliyempikia mtori. Mtoto aliyeachishwa ziwa alihamia kulala kwa bibi.

Naanzia hapo kwa makusudi. Historia ya vifaa vya kumwangalia mtoto usiku husimuliwa kana kwamba ilizaliwa kiwandani, ughaibuni. Mimi naiona kuwa historia ya umbali. Kila mzazi alipovutwa mbali na kitanda cha mwanawe, kilitafutwa kitu cha kushika nafasi yake.

Moto wa mafiga haukuwa salama. Moshi uliwakohoza wakubwa na wadogo, na mtoto aliyebingirika usingizini aliungua. Mwanga uliokuja kuchukua nafasi yake ulikuwa na hatari zake. Wajerumani walikamilisha Boma la Arusha mwaka 1900, wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig wakajenga kituo Nkoaranga miaka michache baadaye, na biashara ya dukani ikakua. Mafuta ya taa yakawa bidhaa ya kila siku. Yalisafirishwa kwa debe, na debe tupu halikutupwa: mahindi yanapimwa kwa debe hadi leo katika masoko ya Tengeru na Kilombero. Makopo madogo yalimwendea fundi bati, akayageuza koroboi.

Aliyekulia na koroboi anakumbuka masizi puani asubuhi. Ni utambi wa pamba ndani ya kopo, na ulimi wa moto usio na kioo. Ikipigwa teke gizani, mafuta na moto humwagika pamoja juu ya godoro. Mafuta yenyewe yaliwekwa kwenye chupa ya soda, na mtoto mwenye kiu hawezi kuyatofautisha na maji. Ajali hiyo wauguzi wa wodi za watoto nchini wanaijua vizuri mno.

Chemli ilikuwa afadhali kubwa. Ina kioo, ina mpini, ina kirekebisho cha utambi. Kwangu mimi, chemli iliyoteremshwa utambi ndiyo taa ya kwanza ya usiku ya mtoto katika nyumba za kawaida za Arusha: ilibakiza mwanga wa kuuona uso wa mtoto, lakini usiotosha kumwamsha. Tatizo lilikuwa gharama, maana taa iliyoachwa hadi asubuhi ilikunywa mafuta ya kesho. Bajeti ya mwaka 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Nia ilikuwa njema, lakini maumivu yalimfikia pia mama wa kijijini aliyekuwa akinunua kwa kibaba.

Wakati chemli zikitawala huku, Marekani walikuwa wamekwisha kukutana na umbali wa aina yao. Machi 1, 1932, mtoto wa rubani maarufu Charles Lindbergh, mwenye umri wa miezi 20, aliibwa kitandani ghorofani, huko New Jersey, wazazi wake wakiwa nyumba hiyo hiyo. Baadaye alikutwa amekufa. Hofu iliyobaki ilimgusa Eugene McDonald, mkuu wa kampuni ya redio ya Zenith, na kufikia 1938 kampuni hiyo ilikuwa ikiuza kifaa kilichoitwa Radio Nurse. Chombo kimoja kiliwekwa karibu na mtoto, kingine kwa mzazi, na sauti ikapita kwenye nyaya za umeme za nyumba. Umbo lake lilichorwa na mchongaji Isamu Noguchi, na lilikuwa zuri kweli. Sokoni hakikushika, kwa kuwa kilinasa matangazo ya redio na sauti zisizotakiwa. Lakini wazo halikufa. Chumba cha mtoto peke yake, mlango umefungwa, ndicho kilicholizaa.

Umbali wa Arusha ulikuwa wa kazi. Mji uliokuwa boma na soko ukapata viwanda vya nguo vya Kiltex na Sunflag, ukawa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1967, kisha ukajaa hoteli na ofisi za utalii. Mama alitoka Ngaramtoni au Usa River kuja mjini, na bibi akabaki kijijini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84. Siku ya 85 mtoto yuko mikononi mwa dada wa kazi, ambaye mara nyingi naye ni binti mdogo aliyeiacha familia yake.

Kabla ya kufika kwenye kamera, taa iliboreka kwanza. Kampuni ya taa za sola ya d.light ilizaliwa baada ya mwasisi wake mmoja, Sam Goldman, kumwona mtoto wa jirani nchini Benin akiungua vibaya kwa taa ya mafuta. Arusha nayo ikawa kitovu cha sola. Hapa ndipo ilipoanzia Off Grid Electric, mwanzoni mwa muongo wa 2010, iliyofunga sola majumbani kwa jina la M-POWER na kupokea malipo kidogo kidogo kwa simu. Mwaka 2018 ikajiita ZOLA Electric. Matangazo ya sola yalipenda kumwonyesha mwanafunzi akisoma. Faida ya mama mwenye kichanga ilitajwa kwa nadra, nami naiona kubwa kuliko zote: taa inayowaka mpaka kuche, haiunguzi, haitoi moshi, wala haihesabiwi kwa kibaba.

Kwingineko, waliopata taa zamani walikuwa wamekwisha kuuliza kama mwanga nao unadhuru. Mwaka 1999 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliohusisha taa za usiku na watoto kutoona mbali, na wazazi wengi duniani wakashtuka. Mwaka uliofuata watafiti wengine hawakuuona uhusiano huo. Waligundua kwamba wazazi wasioona mbali ndio huelekea kuacha taa ikiwaka, na watoto hurithi macho yao. Lenye uzito zaidi ni rangi: mwanga mweupe wenye ubluu huchelewesha usingizi, wa manjano au mwekundu hausumbui sana.

Kisha ikaja kamera. Novemba 2014 video kutoka Kampala ilisambaa kwenye simu za Afrika Mashariki nzima: yaya akimpiga na kumkanyaga mtoto mdogo, akinaswa na kamera ambayo baba aliificha. Hofu ile haijaisha. Leo mzazi wa Njiro au Sakina, Arusha, hufunga kamera sebuleni, na kwa bando tu anaitazama nyumba yake akiwa ofisini. Kifaa kilichobuniwa kusikiliza mtoto sasa kinamtazama zaidi anayemlea. Namwelewa mzazi huyo. Lakini dada wa kazi anaishi humo, anavaa na kuvua humo, na nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Anastahili kuambiwa kamera ziko wapi, na chumba anacholala kisiwe na hata moja.

Wauzaji wa ng'ambo wamekwenda mbali zaidi, hadi soksi inayopima mapigo ya moyo ya mtoto. Oktoba 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliionya kampuni ya Owlet kwamba soksi yake ilikuwa kifaa cha tiba kilichouzwa bila idhini, na kampuni ikasitisha kuiuza nchini humo; toleo jipya lilipata kibali mwaka 2023.

Hapa Arusha mtihani wa kamera ni mwingine. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujaanza kuzalisha Februari, mgao wa umeme uliwaonjesha wengi mtihani huo. Umeme ukikatika, Wi-Fi huzimika, na skrini ya simu ya mzazi hubaki nyeusi. Ndiyo maana nyumba zenye Luku bado huweka taa ya sola juu ya kabati, na anayejua ilipo, akaiwasha na kumfikia mtoto kwanza, ni dada.